Nguo ya Mabibo

Nianze na aibu yenyewe ili msije mkaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi: yule mwalimu wa Rahaleo ambaye watoto wake walimpaka mwenyekiti wa mtaa mabibo kwenye kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa, saa moja kabla ya swala, ndiye mimi. Mimi Somoe, mwenye diploma ya Montessori, niliyesoma Nairobi miaka miwili kwa nguvu zangu mwenyewe (asubuhi nauza vitumbua, saa tatu naingia darasani, na mtihani wa mwisho nikawa wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye chuo, kwa hiyo hesabu wenyewe), na niliyezaliwa Msimbati na kukulia chini ya mikorosho inayozaa hayo mabibo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Mtu wa kuja angefanya nililofanya mimi, watu wangesema hajui.

Baada ya Nairobi nilifundisha Dar mwaka na zaidi, kisha nikarudi kwetu kusini, nikapanga nyumba yenye baraza kubwa mjini, pale Rahaleo, na kufungua darasa la watoto wa miaka miwili mpaka mitano. Wazazi wengi walidhani nitawaimbisha watoto a, e, i, o, u mpaka wakauke koo. Nikawaambia hapana, sisi wa Montessori hatufanyi hivyo. Sisi mtoto tunamwandalia mahali: rafu fupi, viti vifupi, majagi madogo ya kioo cha kweli na si plastiki, naye anachagua kazi yake mwenyewe, anatandika mkeka wake, anamimina maji, anapanga vibao, akimaliza anarudisha kila kitu kilipokuwa. Mwalimu anaonyesha mara moja, polepole, kwa maneno machache, halafu anakaa pembeni na kufunga mdomo. Mkono wa mtoto ukiwa kazini hauguswi. Akimwaga, hapigwi wala hapigiwi kelele, anachukua sponji yake anafuta, basi. Niliyasema haya kila mahali, hata kwenye foleni ya benki. Kila kitu darasani mwangu kilikuwa usawa wa macho ya mtoto isipokuwa diploma yangu. Hiyo niliitundika juu, usawa wa macho ya wazazi.

Lakini tukubaliane kuelezana ukweli. Darasa lile sikulifungua kwa ajili ya watoto wa Rahaleo. Nililifungua kwa ajili ya mtoto mmoja.

Nasma nilimwacha Msimbati kwa mama yangu akiwa na miezi tisa, bado ananyonya. Kule Nairobi, kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nawaangalia watoto wa watu wakimimina maji kutoka jagi hili kwenda lile, na badala ya kuandika ripoti nikawa nakisia mkono wa wangu umefika ukubwa gani sasa. Nilimnunulia viatu kwa kukisia pia. Jozi tatu, zote hazikumwingia. Niliporudi nilimkuta ana miaka minne na ushee, anamwita mama yangu Mama, na kwa kuwa kila mgeni pale nyumbani alikuwa ameambiwa kwamba Somoe amekuwa mwalimu mkubwa (nani aliwaambia? Mimi, kwa simu, kila wiki), mtoto naye akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu."

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?

Nilipomwomba mama anirudishie mtoto hakukataa. Mama yangu huwa hakatai, anaweka masharti. "Somoe," akaniambia, "mtoto si gunia la korosho nililokuhifadhia ghalani. Nitakuja naye, tukae wiki moja hapo kwako, asome na wenzake. Ijumaa ukimaliza wageni wako nitamuuliza mwenyewe. Akitaka kubaki, begi lake nitaliacha. Asipotaka, tunarudi wote wawili, na wewe usilie mbele yake."

Wiki ile Nasma alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote (simsifii kwa kuwa ni wangu). Jagi alilishika siku ya kwanza kama aliyezaliwa nalo. Ila mimi hakunisogelea. Nikikaa kwenye mkeka wake anahama na mkeka. Nikimpa mkono tuvuke barabara anashika khanga ya bibi yake. Nikajipa moyo kwamba Ijumaa ataniona mbele ya watu wote, mama yake aliyesoma, na moyo utageuka wenyewe.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Nilialika wazazi wote na mwenyekiti wa mtaa, mzee wa heshima zake. Watoto nilikuwa nimewashonea mashati meupe, mimi gauni jeupe, na mito ya kukalia nikaivisha foronya nyeupe, maana nilitaka watu wakiingia wajue kwamba hapa si mahali pa mchezo. Onyesho la mwisho lilikuwa watoto kuwamiminia wageni maji, kila mtoto na jagi lake. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mmoja mdogo. Asubuhi ile nilipita sokoni, msimu umepamba moto, mabibo mekundu na ya njano yamejaa matenga mpaka njiani, nikajisemea: maji matupu kwa mwenyekiti? Si watasema mwalimu mkavu? Nikanunua tenga zima, nikayakamua, nikachuja, nikajaza majagi.

Sasa, kwa wale ambao hamjakaa kusini, naomba mnielewe. Kwetu msimu ukiingia kila nyumba inakuwa na nguo za mabibo. Shati bovu, khanga iliyokwisha, gauni lililopasuka kwapa, zinatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kila mtu na yake, na hakuna anayegusa bibo kabla hajaivaa. Maji ya bibo yakikudondokea huyaoni, ni kama maji ya kawaida tu. Yakikauka ndipo yanapojitokeza, kahawia, na hayatoki tena mpaka nguo ife. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kuhesabu. Na mimi nililijua. Nilichofanya ni kuliona la shamba, la watu wasio na majagi ya kioo.

Wageni walikuja, wakakaa kwenye mito, onyesho likaenda vizuri ajabu. Watoto walitandika mikeka bila kukanyagana. Mwana wa Mama Warda (jirani yangu, mdomo wake hauna breki) alifunga vifungo sita mfululizo na mama yake akapiga kigelegele. Kisha nikatangaza kwa sauti ya Nairobi: "Sasa watoto watawakirimu wageni wao, wenyewe, bila kusaidiwa na mtu mzima yeyote."

Mwenyekiti alinusa jagi lililokuwa mbele yake. "Mwalimu, haya hayajalala yakawa pombe? Mimi nikitoka hapa naelekea msikitini."

"Yamekamuliwa asubuhi hii, mzee."

"Kunywa tu, Mwenyekiti," Mama Warda akadakia, "yangekuwa uraka tungelewa kwa harufu tangu getini!"

Watu wakacheka. Nasma, niliyempangia amhudumie mwenyekiti, hakucheka. Alisimama na jagi lake, akaiangalia ile kanzu iliyopigwa pasi, akaangalia shati lake, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, nguo ya mabibo iko wapi?"

Nikamwinamia. "Hapa hatuna nguo ya mabibo, mama. Hapa tunafanya kazi kwa umakini."

Akafikiri. Akamgeukia mwenyekiti. "Babu, vua kanzu. Itaharibika."

Baraza zima lilianguka kicheko, mwenyekiti mwenyewe akafuta machozi, na mama yangu kule pembeni akasema taratibu, si kwa kunikomoa, "Mtoto kasema kweli." Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kujiokoa. Ningesema samahani jamani, tuleteeni maji. Lakini mwenye diploma aambiwe na mtoto wa miaka minne? Nikasema, "Endelea na kazi yako, Nasma."

Akaendelea. Na alimimina vizuri, Mungu ni shahidi wangu, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine chini ya jagi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama ninavyoutoa mimi nikitunga uzi. Glasi ilikuwa imefika nusu. Hakukuwa na haja yoyote ya mtu kuingilia. Nimewaambia watu tangu siku ile kwamba niliona jagi linateleza, nikataka kuliokoa. Si kweli. Niliona kile kimkono chenye vishimo kwenye vifundo, karibu yangu kuliko kilivyowahi kuwa wiki nzima, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Sikushika jagi. Nilishika mkono.

"Niache! Naweza mwenyewe!"

Akavuta, nikavuta, na jagi zima likaingia mapajani mwa mwenyekiti.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa na aibu ya mtu mmoja. Lakini kumbukeni nilichowafundisha watoto wangu, na nilikuwa nimewafundisha vizuri: kikimwagika kitu, usingoje kuambiwa. Watoto kumi na wawili waliweka chini majagi yao (matatu yakapinduka), wakaenda kwenye rafu kwa mstari, bila kusukumana, wakachukua sponji zao, wakaja kumfuta mwenyekiti. Walimfuta kwa umakini. Mapajani, kifuani, mgongoni ambako hakukuwa na kitu. Wakakamulia sponji kwenye ndoo, wakazichovya humohumo kwenye maji ya mabibo, wakarudi kufuta. Wakafuta mito. Wakafuta magauni ya mama zao.

"Jamani wazuieni!" Mama Warda alikuwa amepanda juu ya kiti kifupi, ameshika gauni lake la sikukuu. "Bibo halifutwi! Mwalimu, bibo halifutwi!"

Nami nilisimama tu, maana kwenye diploma yangu hakuna mahali panapoeleza namna ya kumzuia mtoto aliye kazini.

Mwenyekiti aliondoka kwa heshima, akisema ni maji tu, yatakauka njiani. Yalikauka. Wanaosimulia wanasema alikaa safu ya mbele, na hotuba haijafika mwisho madoa yakaanza kujitokeza moja moja, vidole vya watoto kila mahali, mpaka waliokaa nyuma yake wakawa wanahesabu badala ya kusikiliza. Hakunikasirikia. Siku hizi nikimwamkia anaitikia vizuri tu, ila kwa umbali wa kutosha.

Lakini mimi nilikuwa sijali kanzu ya mtu. Nasma alikuwa amesimama mbele yangu, mikono imelowa. Alinisukuma tumboni kwa kiganja chake. "Nilikuwa naweza," akasema. Kisha akanipita akaenda kwa mama yangu. "Mama, twende nyumbani."

Mama hakuuliza swali lake la Ijumaa, lilikuwa limeshajibiwa. Alimfuta mtoto mikono kwa ncha ya khanga (khanga yenyewe mbovu, ndiyo nikaona, alikuwa ameibadilisha mara tu aliponiona nakamua), akachukua begi. Mlangoni akaniambia, "Kwangu maji ya mtungini anamimina yeye, Somoe. Wageni wote anawamiminia yeye. Hakuna anayemshika."

Sikulia mbele yake. Nilitimiza sharti.

Jioni niliona gauni langu. Tumboni, kushoto kidogo ya kitovu, kiganja kizima, vidole vitano, kahawia. Nililiweka ndimu, chumvi, majivu, dawa ya madoa ya dukani. Halikutoka. Siku ya tatu nikaacha kufua, nikaweka kiganja changu juu yake nikapima. Kumbe ndio ukubwa wake.

Darasa linaendelea, msije mkadhani nimefunga. Watoto wawili tu waliondoka, na mwana wa Mama Warda sasa anafunga hata kamba za viatu. Lakini kila Jumamosi napanda gari la Msimbati, barabara ya mchanga ile. Mara ya kwanza, wiki kadhaa baada ya Ijumaa ile, nilikwenda nimevaa gauni langu lenye kiganja, nikakaa mkekani kwa mama, na Nasma akaja na kikombe na jagi la bati, akanimiminia maji. Alimimina polepole, taratibu kabisa. Mikono yangu niliikalia, kweli, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia.

Alipomaliza akaliangalia gauni langu, akagusa lile doa, akaweka vidole vyake juu ya vidole. Vilikuwa vimeshazidi kidogo.

"Hii imeshakuwa nguo ya mabibo," akasema. "Iache hapa."

Nikaazima khanga ya mama, nikalivua gauni. Nasma akaburuta kiti, akapanda, akalitundika nyuma ya mlango kwenye msumari, kati ya shati lake bovu na khanga ya bibi yake. Akashuka, akakirudisha kiti kilipokuwa.

"Ukija tena utaivaa, Mwalimu."

Basi gauni langu linakaa Msimbati, na mimi nakaa Rahaleo. Diploma nimeishusha, iko sandukuni na viatu jozi tatu. Nimeapa mambo mawili, na shahidi wangu ni nyinyi: mgeni wangu hatapewa mabibo tena akiwa na nguo nyeupe, hata awe nani, na mkono wa yule mtoto sitaushika tena kabla haujanishika wenyewe. Hilo la kwanza ni rahisi, msimu unakaribia kwisha.