Kofia za Njano

Joto likizidi, jirani yangu huwapeleka wajukuu zake watatu kwenye bwawa la umma, ingawa yeye mwenyewe akitiwa majini huzama kama jiwe. Juzi aliwasuka kila mmoja mtindo wake, ili awatambue kwa mbali. Kumbe siku hizi pale langoni kila mtoto huvalishwa kofia ya njano! Sasa kusuka kote kule kwa nini, jamani? Kufumba na kufumbua, bwawa zima likawa vichwa vya njano tupu.

Akasimama ukingoni, gauni limelowa, akaita, "Wajukuu zangu!"

Vichwa vyote vikageuka, vikacheka, vikazama tena.

"Wako ni wepi, mama?" akauliza mlinzi wa bwawa.

"Nitajuaje, mwanangu?" akajibu bila kupepesa macho. "Mpaka watoke, wote wangu."