Vikombe Sita vya Ushahidi

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuwauliza watu wazima kama walilala na njaa. Nilifundishwa kuifanya kwa siku tatu, katika ukumbi wenye baridi ya mashine na biskuti za bure, na mwisho wa mafunzo nikapewa fulana, tableti na onyo: andika analosema mhojiwa, si unaloliona wewe. Hisia zako si ushahidi. Nililikariri hilo kama dua.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kila kitu. Ungefaa kilimo, ungefaa uhifadhi wa mazingira, na papo hapo ungeamua nani astahili kubaki kwenye orodha ya pesa za wazee. Fomu ilikuwa moja kwa nchi nzima, maana wasomi walioitunga hawakutaka kumbagua mtu. Basi nikazunguka vichochoro vya Mji wa Kale, ambako ukinyoosha mkono dirishani wamshika jirani, nikiuliza watu wana ekari ngapi za mahindi. Mzee mmoja upande wa Makadara alinijibu kwamba ng'ombe wake wote wako ghorofani. Nikaandika: ng'ombe, wapo. Ndivyo nilivyofunzwa.

Sasa khala yangu. Huyu ni dada ya mama, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Akiishi peke yake katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya urithi, nyumba yenye warithi wengi kuliko vyumba. Chokaa yamomonyoka, dari yavuja, lakini mlango wa mbele ni wa nakshi, na watu wa kuhifadhi majengo ya kale walishakuja kuupima, kuupiga picha na kumwambia asiuguse. Paa hawakulipiga picha. Pesa za wazee ndizo zilizomnunulia dawa ya presha na mkate wa jioni. Zikikatika, kimojawapo kingekatika nazo, na hilo nililijua kabla sijashika tableti.

Siku yake ilipofika nilikwenda na msimamizi wangu, bwana wa bara aliyekuwa karani Kilindini kabla ya kuingia kwenye utafiti, mtu mpole, wa kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kanuni ilikataza mtu kumhoji jamaa yake, kwa hiyo yeye aulize, mimi nibonyeze.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni ndani." Kisha khala akaninong'oneza, uso bado watabasamu: "Pita uani ukaazime sukari. Na kaimati, kama zimebaki."

Nami, mtaalamu wa kukusanya ushahidi, nikaenda kuughushi. Jirani wa nyuma alinipa sukari kwenye gilasi na kaimati kwenye sahani yake nzuri, bila kuuliza, maana ndivyo tufanyavyo mgeni akimfikia mwenzetu hana kitu. Niliporudi khala alikuwa ameshatoa vikombe sita vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, vya harusi yake, ambavyo havitoki kabatini ila kwa mgeni. Miaka yote niliyolelewa pale sikuwahi kuvinywea. Changu ni kopo la bati, hutundikwa kwenye msumari jikoni. Nilipokuwa mdogo nililia kwa ajili hiyo, akaniambia, "Kwani wewe mgeni? Wewe ni wangu."

Bwana akaanza. Kuta? Mawe. Mlango? Mbao ngumu, wa nakshi. Mazao? Khala akafikiri kwa dhati, akataja chungu kimoja cha asumini. Kisha likaja lile swali: katika siku saba zilizopita, yuko aliyelala na njaa nyumba hii?

Khala akaitazama sinia, kisha akamtazama mgeni mwenye kaimati mkononi. "Njaa? Alhamdulillahi, twala na twasaza. Ongeza chai, baba."

Nilijua kwamba juzi yake alikunywa maji ya moto akalala. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Ningesema nini, na mgeni yupo? Bwana, usimsadiki, huyu hana hata sukari hiyo? Nimwambie hayo chumbani mwake, mbele ya vikombe vya harusi yake? Nikabonyeza "hapana". Niliona aibu. Niliona pia kwamba nimetii kanuni, na kwa hilo la pili nikalala usingizi mzuri.

Miezi ikapita, tukaitwa hotelini kusikia matokeo. Mtafiti mkuu alituonyesha ramani, na Mji wa Kale ulikuwa umepakwa kijani, rangi ya neema. Ushahidi, akasema, waonyesha kuwa wazee wa huku wana makazi imara na chakula cha kutosha. Watu wakapiga makofi. Mimi niliweka sambusa chini nikapiga pia. Wiki hiyo hiyo jina la khala likatoka kwenye orodha.

"Labda wamenisahau," akasema. Akawa anakunywa kidonge cha presha leo, kesho aruka. Nikimletea kitu aniambia niweke akiba, kwa kuwa kibarua changu ni cha wiki mbili tatu, na hapo alisema kweli tupu, ingawa hakuna fomu iliyomuuliza.

Nikaenda kwa msimamizi nikamweleza yote, pamoja na sukari.

"Dada, mbona hukusema pale pale?"

"Wewe ungesema, mbele ya mamako?"

Alitafuta fomu ya malalamiko, akaijaza mwenyewe, akahangaika nayo ofisi hadi ofisi, mpaka tukapewa ziara ya marudio. Moja tu.

Safari hii nikajifanya mwerevu. Siku ya kabla yake nilivifunga vile vikombe sita kwenye leso, nikachukua na sinia na kitambaa cha meza, nikavipeleka vyote kwa jirani. Nikamwambia khala, "Kesho hakuna chai, hakuna kaimati. Mgeni aione nyumba ilivyo. Nawe useme kweli tu." Alinitazama nikivifunga kimoja kimoja. Hakutamka neno, nami nikachukulia kwamba amekubali. Nilikuwa nimefunzwa kuandika majibu, na kunyamaza hakukuwa na kisanduku chake.

Saa nne asubuhi tukabisha hodi. Kimya. Tukabisha tena. Ndani nikasikia ndara zake zikiburura sakafuni mpaka nyuma ya mlango, zikasimama pale. Msimamizi naye alizisikia, akanitazama. "Hodi, mama," akasema kwa upole, mara ya tatu. Mlango wa nakshi haukufunguka. Nyuma yake mtu alikuwa akipumua, nasi tulikuwa tukipumua mbele yake, unene wa ubao mmoja baina yetu. Tableti ilitaka jibu: amekataa, au hayupo. Msimamizi akachagua "hayupo", kwa heshima, na ziara ikafungwa.

Nikazunguka nikaingilia uani. Khala alikuwa ameketi mkekani, amevaa leso yake mpya, asumini kichwani, chumba kimefagiwa mpaka pembeni. Alikuwa amejitengeneza kupokea mgeni.

"Ningemkaribisha na nini?" akaniuliza.

Nikamtajia dawa. Nikamtajia presha, haki yake, nauli ya yule bwana kutoka Makupa. Nilimpazia sauti, Mungu anisamehe, mwanamke aliyenifundisha kusema. Alingoja nimalize.

"Ningemkaribisha na nini?"

Nikaenda kwa jirani nikavirudisha vikombe. Khala alivisuuza vyote, akavipangusa, akavipanga vitano kabatini. Cha sita akakijaza chai ya rangi isiyo na sukari, akakiweka juu ya kisahani, akanisogezea kwa mkono wa kulia. Kopo langu lilikuwa msumarini. Nilingoja aniambie kuwa ni mzaha.

"Karibu," akasema.