Kamba ya Mti wa Tanga

Juzi pale Oraba nilimwona mchuuzi akifunga kamba juu ya nguzo ili paa la kibanda lisimwangukie mteja, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa na mtumbwi wa tanga mtoni Nile, mashariki ya Arua. Kila alipoteremsha tanga, mti wake wa chini ulianguka, na kazi yangu ilikuwa kuupokea begani. Ulikuwa mzito kama ng'ombe wawili, wote wenye mimba. Alasiri moja, mtumbwi ukinuka samaki na lami, baba alifunga kamba kutoka ncha ya mlingoti hadi mwisho wa mti ule. Akateremsha tanga. Kamba ikalia kidogo, mti ukaning'inia wenyewe.

"Baba, sasa mimi nafanya kazi gani?"

"Hakuna, mama," akaniambia mimi bintiye. "Bega yako naumia kila siku. Wacha ipumzike."

Nilikimbia nyumbani kutangaza kwamba baba ananipenda kuliko watoto wote wa West Nile.

Asubuhi iliyofuata aliondoka na mtumbwi, na hakurudi tena. Nadhani mama alikwisha kujua jioni ile, aliponiuliza polepole, "Kwa hiyo sasa baba yako naweza kwenda peke yake?"

Nami nikamjibu kwa fahari ya waziri, "Kabisa, mama. Hataki mtu hata moja."