Njano Ndani ya Kisigino

Nilirudi Kasongo na diploma ya ubunifu wa viatu. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala parokia. Nilishona soli za watu mchana, nikasoma jioni, nikawashinda waliokuja shuleni kwa gari. Mdogo wangu nilimletea viatu vya basketi, vile vinavyobeba jina la mchezaji mmoja mkubwa. Yeye akavivaa kwenda kuchimba dhahabu upande wa Wamaza.

Machimboni kwao, kila anayetoka huvua viatu. Walinzi huvisugua ndani ya beseni, na mchanga unaobaki chini ni wa mwenye shimo. Asubuhi moja, matope yalipotoka kwenye viatu vya mdogo wangu, wakaona njano ndani ya visigino. Wakamzuia na kunipigia simu: nije nieleze, la sivyo wanamtangaza mwizi, na mwizi wa dhahabu hapewi shimo lingine Kabambare nzima.

Nilifika kwa pikipiki. Mkubwa wa walinzi alikuwa ameinua kiatu kwenye jua.

“Iko nini humu?”

“Hewa.”

“Hewa ya njano?”

Wenzake wakacheka. “Daktari ya viatu, tufundishe basi.”

Nikawafundisha, bila karatasi. Toleo la kwanza la viatu hivi lilipanda juu ya kifundo cha mguu, likawa zito, na mchezaji mwenyewe akalalamika. La pili likashushwa shingo na kupunguzwa ngozi. Lakini alikuwa mtu wa kuruka, na visigino vikamuuma kila akitua. Kwa hiyo katika toleo la tatu wabunifu wakaweka mfuko wa hewa kisiginoni, wakaufungulia dirisha la plastiki ili mnunuzi auone kwa macho yake. Plastiki ile ikiwa mpya ni angavu kama maji. Ikizeeka, inageuka njano.

“Mutu mwenye kusoma anajua kudanganya muzuri,” mkubwa akasema.

“Nipe kisu. Nitakata mwenyewe.”

Nilimgeukia mdogo wangu nikitegemea kuona uso wa mtu anayeokolewa. Alikuwa anatazama kisu. Nilipotaka kushika kiatu cha kulia, akanisogezea cha kushoto.

“Kata hiki, yaya,” akasema, kwa jina tunalowaitia wakubwa wetu wa kuzaliwa. “Hiki kimechakaa.”

Nikapasua kisigino pale nilipojua kimeunganishwa. Mfuko ukatoa pumzi ndogo, ukalegea. Ndani hamkuwa na kitu. Mkubwa akatia kidole, akanusa, akakiweka kipande cha plastiki karibu na dirisha la kiatu cha pili. Njano ni ile ile.

“Na hiki?” akaniuliza.

“Vimeundwa sawa,” nikasema, na kwa kuwa nilisema kama mtu wa diploma, akaniamini. Wakamwambia mdogo wangu kesho arudi kazini.

Nje ya uzio nikamwomba kile cha kulia nikikague. Alikuwa ameshakivaa na kufunga kamba mafundo mawili.

“Kiko sawa, yaya,” akasema, akatangulia kwenye pikipiki.