Jina Lililofutwa kwenye Somo la Joto

Mwalimu Relebohile alifundisha sayansi Quthing, nchini Lesotho, kwenye shule ambako kitabu kimoja kiligombewa na dawati zima. Alipoyakuta mtandaoni masomo ya bure ya mwalimu mmoja wa Mokhotlong, Sekhobe Ramakatsa, nusura alie. Masharti yalikuwa mepesi: chukua, nakili, badilisha utakavyo, gawa, ila jina langu libaki.

Aliyafanyia kazi likizo nzima. Akaongeza mazoezi, akachora upya michoro. Mwishoni akarudi ukurasa wa kwanza, akafuta jina la Sekhobe na kuandika lake. Si nimeyatolea jasho? alijiambia. Wanafunzi wakarushiana masomo kwa simu, shule jirani zikayaomba. Kila alipopongezwa aliharakisha kubadili mazungumzo.

Siku ya wazazi alikuja 'Mapuleng, bibi aliyehamia kwa bintiye hivi karibuni. Mjukuu wake alimwonyesha somo la joto kwenye simu. Bibi akaikazia macho picha ya mikono iliyoshika sufuria.

"Mwalimu, hii mikono umeitoa wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Ni yangu." Akanyoosha mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa nusu, kama pichani. "Marehemu mume wangu alinisimamisha na sufuria mpaka uji ukaganda. Nikamwambia, Sekhobe, leo utakula picha."

Relebohile alikosa pa kuuficha uso. "Mama, jina lake nililifuta mimi. Nilitaka sifa."

Bibi hakupandisha sauti. "Alikupa bure, mwanangu. Akakuomba kitu kimoja tu. Hicho nacho kikawa kizito?"

"Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Yeye sijui utamwambia lini."

Jioni hiyo Relebohile alilirudisha jina mahali pake, akaziandikia shule zote kueleza alichofanya. Baadhi ya walimu waliacha kumsalimia, naye hakuwalaumu. Lakini nakala zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu hakuweza kuzikusanya.

Miezi baadaye, kwenye semina Maseru, mwalimu kijana asiyemfahamu alimjia na simu mkononi, akitabasamu. "Dada, ni wewe mwenye haya masomo? Yameniokoa."

"Siyo yangu. Ni ya Sekhobe Ramakatsa."

"Acha utani. Mbona hapa pana jina lako?"

Relebohile alivuta kiti, akamwomba akae, akaanza kumsimulia huku mashavu yakimwaka.