Maiti wa Bi Batuli

Sikutaka kuandika haya. Nilisema, anayetaka habari za Bi Batuli na aje Miono akae mkekani, nitamsimulia mpaka achoke yeye, si mimi. Nikaambiwa hapana, yaandikwe, eti maneno ya mdomoni huenda na upepo. Kisomo changu ni kile cha ngumbaru, cha jioni, na jioni nilikuwa nimechoka. Basi herufi zikipinda, mtazinyoosha wenyewe. Habari yenyewe haitapinda.

Bi Batuli binti Maulidi ni muosha. Hapa kwetu akifa mwanamke, mtu hutumwa kwa Bi Batuli kabla hajatumwa mwingine msikitini. Huja na kata yake ya kifuu, kafuri kaifunga kwenye pindo la khanga, na uso usiosomeka. Akiingia chumbani, mlango hufungwa. Ataosha, atakafini, atatoka, na alichokiona kwenye mwili wa mwenzake hutakipata kwake hata umpe shamba. Kazi aliipokea kwa shangazi yake, na shangazi aliipokea kwa mama yake, na wote hao walikwenda na siri za watu tumboni.

Mwaka jana, vuli inakaribia, homa ikamlaza. Siku hiyo hiyo akafariki mwanamke wa kitongoji cha pili. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, maji yanachemka na kupoa, maiti yumo ndani, na wanawake wamejaa uani wanatazamana. Mwajabu, ambaye ndiye pekee aliyewahi kufundishwa, kaolewa Dar. Mabinti wengine wa ukoo wako Chalinze na Msata kwenye biashara zao. Mwisho ikabidi Bi Batuli ashikwe huku na huku, apelekwe akaoshe, na alitetemeka kuliko wafiwa.

Aliporudi alikaa kizingitini, hakutaka hata maji. Akamwambia wifi yake, Bi Swaumu, dada wa marehemu mumewe:

"Leo yule nimemuosha mimi. Mimi ataniosha nani?"

"Nitakumwagia maji ya vyombo," akasema Bi Swaumu. "Kwa ule uchafu wa roho yako yatatosha."

Siku zote Bi Batuli angemrudishia. Siku ile alinyamaza, na Bi Swaumu akajua kuwa jambo hili limeingia ndani. Wanasema muosha huoshwa. Lakini wanaosema hivyo hawasemi na nani.

Sasa, barazani alikuwapo mkwe wake, Adila, mke wa mwanawe Mikdad. Adila ni mtoto wa Bagamoyo mjini, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Ana ukurasa wake kwenye mtandao mmoja wa video, huko anaonyesha mapishi, mkate wa kumimina, mchuzi wa papa, visheti, na watu wengi humfuata. Aibu yake ni moja tu: anaogopa maiti. Mtu akifa mtaa wa tatu, Adila halali mpaka taa iwake.

"Mama," akasema, "kwa nini usiwafundishe kwa simu? Mabinti wote wa ukoo wananitazama mimi nikikanda unga. Watakutazama na wewe."

"Nimtie maiti wa watu kwenye simu? Maiti hana mdomo wa kukataa, mwanangu."

"Si maiti. Tumlaze mtu aliye hai."

"Mtu gani mwenye akili atakubali kulala juu ya ufuo?" Ufuo ni ule mfereji unaochimbwa chini ya kitanda, maji ya maiti yapite.

Kisha wote wawili wakageuka upande mmoja.

"Mnanitazama nini?" akauliza Bi Swaumu.

Bi Batuli alikataa siku nyingi, maana huyu kukubali jambo ni kama kung'oa mzizi wa mwarobaini. Kilichomshinda ni magoti yake. Kila akiinama kusujudu yanamkumbusha. Mwisho akasema haya, lakini kwa masharti: Bi Swaumu avae dera, juu yake khanga mbili, na pasionekane hata kisigino zaidi ya inavyopasa.

Wakatoa kitanda cha kamba uani, nyuma ya ua wa makuti. Adila akashika simu. Bi Batuli akateka maji kwa kata.

"Wifi, maji haya umeyatoa wapi, kwa majini? Ya baridi."

"Maiti hasikii baridi."

"Maiti huyu anasikia."

"Swaumu, maisha yako yote hukufanya kitu kikakamilika. Kufa tu kunakushinda?"

Neno hilo lilimwingia Bi Swaumu. Akafumba macho, akakaza, akafa. Na wallahi alikufa vizuri. Kidevu kimefungwa kitambaa, pamba puani, kifua huoni kikipanda wala kushuka. Bi Batuli akamtia udhu, akaanza upande wa kulia, maji ya majani ya mkunazi kwanza, maji matupu, na ya mwisho yenye kafuri, huku anaeleza taratibu, sauti ya chini, kama anavyofanya mlango ukifungwa. Hata Adila aliyeshika simu alisahau kuwa ni mchezo. Ilipofika mwisho wa sanda, Bi Swaumu akaketi akasema, "Nipeni uji," na Adila nusura aangushe simu.

Video ilikuwa ndefu, basi Adila akaikata vipande viwili. Cha kwanza ni kuosha. Cha pili ni sanda, na Bi Swaumu kuomba uji. Akarusha cha kwanza jioni, akasema cha pili kesho.

Kesho haikumpa nafasi. Asubuhi alifungua simu, akakaa chini palepale jikoni.

"Wameiondoa, Mama. Wanasema mtandao wao hauruhusu kuonyesha maiti. Na ukurasa wangu wameufunga wiki nzima. Nikirudia, wanaufuta."

Bi Batuli alisimama. Nywele za mkono zilimsimama pia.

"Mimi? Mimi ndiye mtembeza maiti? Miaka yote hii sijamtolea mtu hata sifa ya mguu wake, leo watu wasionijua waniite mfichua maiti? Waandikie. Waambie maiti wao yuko hapa anapepeta mchele."

"Na waambie maiti anadai khanga zake zirudishwe kavu," akasema Bi Swaumu.

Adila akaandika. Akapiga na picha ya Bi Swaumu na ungo wake, akaipeleka. Jibu halikukawia. Adila akalisoma kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. Walisema video hairudi. Walisema mwili wa marehemu hauwekwi pale kwa heshima yake na ya jamaa zake, kwa kuwa marehemu hakuulizwa akatoa ruhusa. Walisema ikiwa ni maigizo, ilipasa ielezwe mwanzoni, kwani anayetazama hana njia ya kujua.

"Rudia hapo pa ruhusa," akasema Bi Batuli.

Adila akarudia.

Bi Batuli akakaa. Akaitazama ile simu muda, kama anavyomtazama mgeni aliyemwamkia vizuri.

"Nani kaandika hayo?"

"Sijui, Mama. Pengine mtu, pengine mashine."

"Mtu au mashine, kafundwa huyo." Akavuta khanga kichwani. "Nilikuwa nadhani huko ndani ya simu hakuna mlango, kila mtu anaingia na kutoka na uchi wa mwenzake. Kumbe kuna aliyesimama mlangoni akasema huyu hajaulizwa. Ningekuwa mimi mlangoni, ningefanya hivyo hivyo. Mwandikie nimeshukuru."

"Mama, wamefunga ukurasa wangu."

"Wiki si mwaka. Mwandikie."

Adila akaandika, machozi yakimtoka, kisha akazima simu, akaitia kabatini chini ya nguo, akaingia kulala mchana kweupe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea. Maana kipande cha kwanza watu walikiona usiku mmoja, Msata, Chalinze, hata Dar. Walimwona Bi Swaumu amelala, kafungwa kidevu, Bi Batuli anamuosha. Kipande cha uji hakuna aliyekiona. Asubuhi walipotafuta tena, hakipo. Wakasema, basi ni kweli, na wenye msiba wameona haya, wamekificha.

Mtu wa mbali atauliza, kwa nini wasipige simu. Kwetu msiba hauulizwi kwa simu. Ukimuuliza mtu, "Eti shangazi yako kafa?" na hajafa, umemtakia. Na ikiwa kafa, umemwonyesha kuwa hukuwapo. Unafunga khanga kiunoni, unakwenda.

Wa kwanza alikuwa Mzee Bwanausi, mtani wa ukoo, juu ya bodaboda kutoka Msata. Mtani haji msibani kwa unyonge. Alianzia njiani:

"Swaumu, umekufa bila kuniaga? Nani atanitukana sasa? Leteni kuku, siziki mtu na njaa." Akaingia uani, akamkuta Bi Swaumu kwenye kigoda anamenya mihogo. Akakaa chini, kwenye mchanga, na koti lake.

"Wamekukataa?" akauliza taratibu.

"Nilifika, nikakutafuta, nikaambiwa wewe bado. Nikarudi kukungojea."

"Mihogo hiyo unatia nazi?"

"Kwako natia maji ya ufuo."

Bado wanarushiana, gari likafunga breki nje, Noah ya kukodi, na kilio kimetangulia. Wakashuka mabinti wa ukoo, Mwanaasha wa Msata mbele, wenzake wa Chalinze, na Mwajabu yule yule wa Dar na mtoto mgongoni. Wameshika mchele, sukari, mafungu ya sabuni. Wakamwona marehemu na kisu cha mihogo. Kilio kikakatika kama kimekatwa na kisu hicho.

Kisha wakawaka. Mwanaasha ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Shangazi, msiba hauchezewi. Tumefunga maduka. Mwenzetu huyu kapanda basi tangu Dar na mtoto ana mafua."

"Tumelia njia nzima," akasema Mwajabu.

"Na mimi sijafa njia nzima," akasema Bi Swaumu. "Nikaombe radhi?"

Wakaanza kurudisha mizigo garini. Bi Batuli akajikongoja akasimama kwenye upenyo wa ua. Si mwanamke mkubwa, lakini akisimama mahali, mahali pale pamejaa.

"Mlikuja kufanya nini?"

"Kuzika, Shangazi. Tulikuja kuzika."

"Mngemzika hajaoshwa? Nani kati yenu angemuosha?"

Mtoto wa Mwajabu akapiga chafya.

"Mlidhani nimeshamuosha mimi. Vizuri. Na siku ya kwangu mtadhani nani? Mtakuja na mchele wenu na sabuni zenu, mtajaa uani hapa, mtatazamana. Nimeshawaona wanawake wanaotazamana. Basi hamtoki. Bwanausi, nenda nje huko, hapa si pako. Swaumu, toa kitanda."

Bi Swaumu akainuka. "Wifi, mimi ile homa ya maji ya baridi bado..."

"Si wewe. Leo ni mimi."

Akalala mwenyewe. Akiwa na dera lake la kijani, khanga mbili juu, akafumba macho. Anasema mwanzoni alisikia tu miguu ya watu wasiojua waiweke wapi. Kisha Mwajabu akakumbuka, akaanza kutaja, kwanza hivi, halafu hivi. Maji yakamwagwa. Mkono wa Mwanaasha ulikuwa mzito, wa mtu aliyezoea kubeba magunia ya mkaa. Wa Mwajabu ulikuwa mwepesi, ulikuwa haujasahau. Bi Batuli aliipima mikono yote hivyo, macho kafumba, kama mtu anayechagua kitambaa dukani kwa vidole.

Adila alikuwa ameegemea nguzo, mbali. Safari hii hakuwa na simu ya kusimama nyuma yake.

Bi Batuli akasikia kata ikitekwa, tone moja, kimya, kisha mkono baridi ukamgusa unyayo. Ulikuwa unatetemeka mpaka unamtekenya. Akaujua.

"Adila, umeanza na mguu wa kushoto."

"Maiti hasemi, wifi," akasema Bi Swaumu.

"Huyu atasema. Kulia kwanza, mwanangu. Huna haraka. Mimi siendi popote."

Adila akahama upande. Akaanza upya, kulia, kidole kwa kidole, na maji yalipofika kwenye magoti yale mabovu alipunguza, akayaosha kama anaosha mayai. Hakuna aliyemfundisha hilo. Bi Batuli akakaza macho yake, lakini chozi halina adabu, lilipita kando ya uso likaingia sikioni, na kwa bahati alikuwa ameshalowa, hapana aliyelijua. Isipokuwa mimi amenieleza, na mimi mmeniambia niandike, basi.

Siku ile walikula wali wa msiba usio na maiti, na Mzee Bwanausi akapewa kuku wake. Mabinti walirudi mara ya pili, na ya tatu, bila kulia. Ukurasa wa Adila ulifunguliwa wiki ilipotimia. Mkate wa kumimina umerudi, na siku moja moja Bi Batuli huonekana pale akikunja vitambaa vya sanda juu ya meza tupu, hakuna mtu aliyelala. Hiyo wameiacha. Anasema wenye mtandao wale na yeye sasa wanaelewana.

Kabla ya mfungo huu, mama mkwe wa Mwanaasha alifariki Msata. Mwanaasha hakutuma mtu Miono. Alifunga mlango mwenyewe, akaosha, akakafini, akatoka. Bi Batuli alipokuja mazikoni alimtazama usoni, na hakuweza kusoma kitu. Akarudi nyumbani akasema alhamdulillahi, akala akashiba. Kila sala anawaombea, mmoja mmoja kwa majina, na mwisho anamtaja yule wa kwenye simu asiyemjua, aliyesimama mlangoni akamrudishia watoto wake.

Mkono wangu unauma sasa, na bure si kawaida yangu. Nilipe. Mtaani kwako yupo mwanamke anayeosha wenzake, nawe humjui hata jina. Kesho nenda kwake, umwamkie, umuulize nani atamuosha yeye. Akinyamaza, kunja mikono ya nguo, umwambie akufundishe, na usianze na mguu wa kushoto. Kisha njoo Miono uniambie umefanya. Usipofanya, mkekani kwangu usije.