Jani Linalokufa Likiwa Kijani

Siku niliyogundua kwamba mmea alioninyang'anya wifi yangu umekufa, nilikuwa nimesimama bustanini kwake Kiriri, mtaa wa wakubwa wa Bujumbura, glasi ya juisi mkononi, naye yuko ubavuni mwangu akiusifia. Niliuvuta mche mmoja kwa vidole viwili. Ukaja wote, mwepesi, bila mzizi wenye uhai hata mmoja. Nikaurudisha palepale, nikapangusa vidole kwenye kitenge, nikamwambia, "Iko muzuri sana, wifi." Sijawahi kusema uongo ulionipa raha kiasi kile.

Lazima nieleze mmea wenyewe, la sivyo raha yangu haitaeleweka. Ni jani la msituni, la kule juu milimani kwenye baridi na ukungu, linalotambaa chini ya miti kama kamba ya kijani iliyoota manyoya. Halitoi ua. Linasimamisha vijishumaa vya njano, na ndani yake mna unga laini kuliko poda ya mtoto. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba kwa Kifaransa linaitwa likopodi, na kwamba ni ndugu wa mbali wa kangaga. Mama mkwe wangu hakuwa na habari na ndugu zake. Yeye alijua matumizi. Unga alimpaka mwanangu wa kwanza shingoni alipobabuka kwa joto la Bujumbura, na zile kamba alisukia mashada ya maarusi na ya makaburi. Kwa mashada halina mpinzani, kwa sababu moja tu: ukilikata, linabaki kijani wiki nyingi. Limekufa, lakini halisemi.

Alipohamia kwetu Gihosha, miguu ikiwa imekataa kumpandisha mlima wa kwao, alikuja na nguo mfuko mmoja na udongo magunia mawili. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka. Alisema jani lile bila udongo wa kwao halishiki, na mimi ndiye niliyeyabeba yale magunia hadi nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, pale bonde linapoanza kuteremka na jua halifiki. Mwaka wa kwanza halikufanya lolote. Mwaka wa pili liliongezeka kidole kimoja. Tulikuwa tunakwenda kulitazama kila asubuhi, mimi na yeye, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Mwaka wa tatu ndipo likaanza kutembea.

Wifi yangu, binti yake wa pekee, alipoliona mara ya kwanza alisema, "Ah, musi!" Ni ile mousse ya Wafaransa, ule utandu wa kijani unaoota kwenye mawe yenye maji. Lakini mtaani kwetu musi ni sponji la godoro, na kwa Kirundi umusi ni siku. Mama mkwe akamuuliza, "Umusi gani?" Tukacheka mimi na mama mkwe, wifi akanuna. Hata hivyo jina lilimkaa kichwani, nalo ndilo lililomponza, kwa sababu ule utandu wa kwenye mawe huota popote unapopata maji.

Na kicheko hicho nilikuwa namdai, maana yeye ndiye aliyezoea kunicheka. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Kiswahili, na kwa Warundi wengi neno Muswahili si mtu anayesema Kiswahili. Ni mtu mjanja, mwenye mdomo mtamu, wa kukuuza ukiwa umesinzia. Wifi aliniita hivyo siku ya harusi yangu, mbele ya wageni, akitabasamu. Aliendelea kuniita hivyo miaka kumi na minne. "Mwulizeni Muswahili wetu." "Mpeni Muswahili wetu sahani abebe." Mimi nilibeba.

Mama mkwe alifariki msimu wa mvua. Siku chache kabla ya kuondoka aliniomba kitu kimoja. Siku ya kuganduka, yaani siku ya kuvua msiba baada ya mwaka, niweke kaburini kwake shada la jani lake, lililosukwa na mkono wangu. Hakumwomba bintiye. Katika ukoo ule wote, ndiyo mara ya pekee mtu aliniomba jambo badala ya kuniagiza. Nilimwahidi, na nilijua nitatimiza hata kama nyumba itaungua.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Jumapili, niliporudi kutoka kanisani nilikuta kitanda chote cha jani kimeng'olewa. Chini ya mparachichi palikuwa na shimo na nyayo za watu. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, redio sikioni. Akasema dada yake alikuja na vibarua wawili, na kwamba ile ni mali ya mama yao, tusianze makelele. Kilichoniuma kuliko yote ni udongo. Waliukung'uta kwenye mizizi wakauacha pale lundo, ule udongo wa magunia mawili, kama uchafu.

Nilimpigia simu. Alinijibu kwa utulivu wote.

"Hii musi ni ya mama yangu. We ulikuwa unaimwangia tu maji. Toka lini Muswahili anarithi mama wa mutu?"

Nilikata simu. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji, mahali penye unyevu ambapo jani lilikuwa limejipenyeza lenyewe, na nikakuta kipande wasichokiona, upana wa sinia. Nilikifunika kwa matawi ya mparachichi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa Muswahili kweli, yule anayemsema yeye.

Mjini kwetu kila kitu huchomekwa. Kijiti cha muhogo, mtambaa wa viazi vitamu, gazoni, zile nyasi za bustani za wakubwa: unachomeka, unamwagia maji, unaondoka, kesho kutwa kimeshika. Wifi alichomeka jani la mama yake karibu na lango, juani, kwenye udongo mwekundu wa kujengea, akawa analipiga maji kwa mpira asubuhi na jioni. Nalo likabaki kijani mwezi baada ya mwezi, likifa polepole kutoka mizizini. Wageni walimsifu. Alinitumia picha kwenye simu, kila wiki picha mpya, na mimi nilimrudishia vidole gumba.

Miezi miwili kabla ya kuganduka, ukoo ulikutana kwake kupanga shughuli. Hapo ndipo nilipouvuta ule mche. Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa sina wa kumwogopa hapa: siku ile bado kulikuwa na njia. Jani lilikuwa limekufa lakini lilikuwa bado na rangi. Ningemwambia, "Wifi, likate leo, lianike kivulini, nisuke shada," lingefika kaburini likiwa zuri. Sentensi moja. Niliitafuna na juisi nikaimeza. Kisha yeye alisimama sebuleni, akatangaza kwamba shada la mama atalisuka mwenyewe, kwa musi aliyoilima kwa mikono yake. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga ya kwanza na ya mwisho.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Jani lake lingekauka. Siku yenyewe angefika makaburini mikono mitupu, na mimi ningetokea na shada la kijani, la kweli, la ahadi. Nilitaka aaibike mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, juu ya kaburi la mama yake. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo. Nikiosha vyombo natabasamu. Mume wangu alidhani nimepoa.

Wiki moja kabla ya siku, wifi alikuja Gihosha. Hakuwahi kuja kwangu akiwa peke yake. Alikaa barazani, mkoba magotini, akaanza kulia kabla sijamkaribisha vizuri.

"Musi imekufa yote, wifi. Imekuwa rangi ya kahawia, inavunjika-vunjika. Sijui ni nani aliniroga. Nitawaambia watu nini? We hauna hata kidogo?"

"Apana," nilisema. "Vibarua wako walibeba yote."

"Hata kamoja?"

"Hata kamoja, wifi."

Tangi la maji lilikuwa hatua kumi kutoka alipokaa. Nilimmiminia chai, nikamwongezea sukari. Alishukuru. Alipoondoka niliimba jikoni.

Ijumaa asubuhi niliondoa matawi na kukata. Shada la kujaa linataka kamba nyingi, na kile kipande kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilikata hadi yale mapya yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatafuta udongo. Mume wangu alitoka nje, akasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Unaimaliza yote?"

"Yote."

Nilijua halitaota tena. Nilisuka mpaka vidole vikafa ganzi, kamba juu ya kamba, vijishumaa vyote vikitazama nje kama alivyonifundisha mama mkwe. Lilitoka zuri kuliko yote niliyowahi kusuka, na nilimwambia hivyo marehemu kwa sauti.

Makaburini watu walikuwa wengi. Wifi alikuja na miwani myeusi na mkoba, hakuna kingine. Nilimwona anatazama chini. Nilisubiri kila mtu asimame mahali pake. Kisha nilichukua shada garini na kutembea nalo polepole, katikati yao, nikilishika juu ili walione hata walioko nyuma. Nililiweka juu ya kaburi, nikarudi nyuma hatua mbili. Minong'ono ikapita, ile niliyoingojea mwaka mzima.

Baba mdogo wa mume wangu, msemaji wa ukoo, akafunua karatasi yake.

"Tunamushukuru sana binti wa marehemu," alisoma, "kwa hii shada alilima na kusuka na mikono yake mwenyewe, kama vile alituahidi."

Wakapiga makofi.

Nilikuwa nimesahau jambo moja la ukoo ule, mimi niliyejiona mjanja. Mkamwana ndiye mbebaji. Vikapu, sufuria, viti, maua: mkamwana hubeba, na hakuna anayeuliza mzigo ni wa nani. Walikuwa wameniona nikibeba miaka kumi na minne. Walidhani nabeba tena. Nilifumbua mdomo, lakini mkamwana hamkatizi mzee mbele ya kaburi, na mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamkazia macho wifi, nikingoja aseme yeye. Hakusema.

Watu walipoanza kuelekea kwenye magari, alinijia. Alivua miwani. Macho yalikuwa yamevimba. Akanikumbatia kwa nguvu, mbele ya wote, mtu ambaye hata mkono alikuwa ananipa nusu.

"Umenisitiri," alinong'ona. "Mi nilikutukana miaka yote, na we umenisitiri mbele ya watu. Ukanifichia mpaka leo ili iwe ya mama. Mungu akulipe, dada yangu."

Alikuwa analia kweli, shingo yangu ilikuwa imelowa. Juu ya bega lake niliona wanawake wa ukoo wametuzunguka, wengine wanajifuta machozi kwa ncha za vitenge. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuja kumvua nguo, si kumsitiri, na kwamba nililipanga hilo kwa miezi, siku kwa siku. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Si kitu, wifi," nilisema, nikampigapiga mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.